Tusubiri Msimu Mmoja

Zamani nilikuwa nasoma taarifa ya habari ya dakika saba bila kumeza mate. Leo nikitaka kutaja jina langu na la kituo changu, inabidi nipumzike katikati. Wenzangu studioni wameshazoea. Fundi mitambo ananiachia nafasi, kisha ananipa ishara ya kidole niendelee. Wasikilizaji wapya wanadhani ndiyo mtindo wangu. Mmoja alituma ujumbe kwamba anampenda sana "yule dada anayetangaza kwa madaha". Nilicheka mpaka nikakohoa, na kukohoa kukanitoa machozi.

Ninaandika haya kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni wewe uliyerudishwa nyumbani na mapafu mabovu, unayeambiwa kila siku ushukuru kwa kuwa umepona, na huoni cha kushukuru. Wa pili ni wewe ambaye watu wanakusikiliza, iwe kanisani, kijiweni au darasani. Mambo ya virusi siyajui. Hayo waulizeni wenye kazi yao, na kabla ya kuwauliza, ulizeni kwanza ni madaktari wa nini.

Naitwa Sekela. Natangaza kipindi cha asubuhi kwenye redio moja ndogo hapa Iringa, na ninaishi Kihesa na mume wangu Festo, mwalimu wa sekondari. Kwetu ni Ubaruku, kule kwenye mashamba ya mpunga, ambako wazazi wangu wameishi maisha yao yote. Mama alikuwa na redio ndogo ya betri aliyoifunga kamba ya katani, akiivaa shingoni anapokwenda shamba. Mawimbi yetu yanafika kule kwa kukwaruza, lakini yanafika. Wenzake wa kikundi cha kupandikiza mpunga walinijua kwa sauti kabla hawajanijua kwa sura. Kila nikipiga simu, Mama alikuwa ananieleza nilichosema asubuhi ile, kana kwamba mimi sikuwepo.

Mwaka ule chanjo ya korona ilipoletwa, ilikuwa wakati wa baridi, mpunga umeshavunwa. Watu walikuwa hawajui washike lipi. Tuliamua kufanya kipindi maalumu na tukamwalika daktari wa hospitali. Asubuhi yenyewe akapiga simu kusema ameshikwa na wagonjwa, haji. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano.

Pale mapokezi alikuwepo daktari mwingine, amekuja kurekodi tangazo la chanjo ya kuku. Jina lake silitaji, maana kosa si lake. Alikuwa daktari wa mifugo, amezunguka mikoa yetu miaka mingi, anajua kuongea, ana sauti nzito ya kiutu uzima. Nikamshika mkono.

"Daktari, nisaidie nusu saa tu. Wewe chanjo unazijua."

"Nazijua za ng'ombe, mama," akasema. "Basi ukinitambulisha, taja kwamba mimi ni wa mifugo. Usisahau."

"Nitasema, Daktari. Niachie mimi."

Taa nyekundu ikawaka, nami nikasema, "Mpenzi msikilizaji, leo tunaye Daktari." Nikaishia hapo. Sitadanganya kwamba nilisahau. Maneno "wa mifugo" yalikuwa mdomoni kabisa, nikaona nikiyatoa kipindi kitakuwa kichekesho, watu watatupigia wakiuliza habari za kwato. Nikayameza. Kwa Kiswahili chetu anayetibu mtu, anayetibu mbuzi na aliyesomea udongo mpaka mwisho wote ni daktari, na mimi nililijua hilo vizuri kuliko msikilizaji wangu.

Nilimuuliza yeye binafsi angefanya nini. Akafikiri, akajibu taratibu, "Sisi kwenye kazi yetu, ikija chanjo mpya, tunaiangalia kwanza. Mimi ningesubiri msimu mmoja."

Nami nikacheka kile kicheko changu cha asubuhi, kile kinacholipa mshahara wangu, nikasema, "Tumekuelewa, Daktari. Basi na mimi nasubiri msimu wangu!"

Simu zilimiminika. Kesho yake kipande hicho kilikuwa kwenye kila simu ya mkononi kuanzia Mafinga mpaka Mbeya, na mtandao mmoja wa habari ukaandika kwamba daktari ameshauri wananchi wasubiri msimu mmoja. Wiki iliyofuata yule wa hospitali alikuja. Aliongea dakika arobaini kwa asilimia na maneno magumu, mtu wa watu, msomi, anayesema kweli tupu. Hakuna aliyemrekodi. Wiki ya tatu Mama akanipigia simu na kuniambia yeye na wenzake wa kikundi wamempita nesi wa zahanati kwenye barabara ya mfereji, amewaita wachanjwe, nao wamemjibu kwamba bado. Wanasubiri msimu. Nilicheka na huko pia.

Krismasi ile mimi na Festo tulikwenda Ubaruku. Nilikwenda na kikohozi kidogo, nikakiita mafua ya mvua. Nililala chumba kimoja na Mama siku mbili, tukimenya vitunguu pamoja, tukinywa chai kwa kikombe kimoja. Siku ya tatu tukarudi Iringa. Siku ya tano nikashindwa kumaliza sentensi hewani.

Nilianza kwa nyungu kama kila mtu. Majani ya mkaratusi, malimao, blanketi kichwani, mpaka uso ukababuka. Siku mbili baadaye Festo alinikuta nimekaa kitandani nimeshika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Alinivalisha sweta na kunibeba.

Chumba cha kusubiria hospitalini kilikuwa na mabenchi ya mbao yamewekwa mbalimbali, na watu wameyasogeza tena yakakaribiana, maana anayeumwa anataka bega la kuegemea. Kila aliyefika aliandikwa "changamoto ya upumuaji". Mzee mmoja kutoka Mgololo, aliyestaafu kiwanda cha karatasi, alikaa karibu yangu ameshika kofia yake. Alinisikia nikijibu maswali ya karani, akageuka.

"Hiyo sauti naijua. Wewe si wa asubuhi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tulisubiri, binti," akasema, akanitabasamia. Hakusema kwa ubaya, na nadhani alitaka tu kunionyesha kwamba ni msikilizaji wangu. Aliitwa kabla yangu na sikumwona tena.

Wodini nilikaa siku ishirini na tatu. Nilihesabu siku kwa mitungi ya oksijeni, kwa mlio wa gurudumu bovu la toroli lililoibeba ulivyokuja na kuondoka. Walinilaza kifudifudi saa nzima, kisha ubavu, kisha kifudifudi tena. Kwenye kidole walinibana kibanio kidogo chenye namba za oksijeni, na namba zile zikawa ndiyo dunia yangu. Zikipanda mbili nafurahi kama mtoto, zikishuka natafuta macho ya nesi nione kama naye amezitazama. Sindano zilinivimbisha uso. Miguu ilikonda mpaka soksi zikawa zinashuka zenyewe. Nilikuwa nikikojoa kwenye beseni, mimi ambaye sikuwahi hata kukubali Festo anione nikipiga mswaki.

Nikuambie jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Utaona aibu kuliko utakavyoona maumivu. Usiipe nafasi, ile ni kazi tu, na wanaoifanya wameona mengi zaidi ya mwili wako. Nesi mmoja anaitwa Upendo alikuwa akimaliza zamu yake anakaa ukingoni na kunichana nywele, ingawa zilikuwa zinatoka kwenye kitana kwa mafungu. Alizikunja kwenye kipande cha gazeti ili nisizione. Siku moja akasema, polepole, macho yakiwa kwenye kitana, "Dada, hata mimi nilichelewa kuchanja. Nilisema kama daktari mwenyewe kasema..." Akaendelea kunichana. Mimi sikuwa na pumzi ya kumjibu, na nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Ndugu hawakuruhusiwa kuingia. Festo alisimama nje ya dirisha, tukaongea kwa simu tukitazamana. Katikati ya mwezi wa kwanza akaja amenyoa upara.

"Mbona hivyo?"

"Joto," akasema.

Iringa, mwezi wa kwanza, mvua inanyesha, watu wamevaa makoti, mume wangu ananyoa kichwa kwa sababu ya joto. Nilikubali. Niliuliza hali ya Mama, akasema yupo, ana mafua, anapandikiza. Nikakubali na hilo pia. Mtu akitaka kudanganywa hahitaji mwongo hodari.

Aliniambia siku niliporudi nyumbani, nimekaa kwenye kiti cha sebuleni, mtungi umesimama pembeni. Alipiga magoti kwanza, ndipo nikajua. Mama alianza kuumwa wiki moja baada ya sisi kuondoka. Alikazana na nyungu, akaenda shamba na homa yake, siku ya sita akaanguka kwenye tuta. Gari lililompeleka Mbeya halikufika naye akiwa hai. Walimzika Ubaruku mvua ikinyesha, wafiwa wakanyoa vichwa, Festo mmoja wao, na mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nahesabu namba za kidole.

Sikulia siku ile, na si kwamba nilijikaza. Kulia kunahitaji pumzi, na mimi sikuwa nayo. Ukitaka kujua msiba mzito kuliko yote, ni ule ambao mwili unakunyima hata kuulia. Nilikaa mdomo wazi kama samaki, Festo akanishika mikono akirudia, "Vuta, Sekela. Vuta taratibu."

Miezi iliyofuata tuliharibu ndoa yetu kidogo kidogo. Kliniki ya kwanza, mvua za mwezi wa pili. Kliniki ya pili, mahindi ya majirani yanabeba. Nilipewa maputo ya watoto nipulize kwa mazoezi, kumi kwa siku, na ilinichukua wiki nzima kujaza moja. Siku moja nikitafuta kadi yangu ya hospitali kwenye begi la Festo nikakuta kadi yake. Alikuwa amechanjwa. Tarehe ilikuwa wiki tatu baada ya kipindi changu.

"Ulinificha," nikasema.

"Ulikuwa umeshasema redioni kwamba unasubiri. Mume wa Sekela aonekane foleni ya chanjo? Ningekuaibisha."

"Ungeniambia mimi. Mimi, Festo, siyo redio."

"Nilijaribu. Ukacheka."

Hakuna ugomvi ulionichosha kama ule, kwa sababu hakuna aliyepandisha sauti. Yeye alikuwa mzima kwa siri, na mimi nilikuwa mgonjwa hadharani. Tulilala migongo imetazamana wiki kadhaa. Mwezi wa tatu nilikwenda kuchanjwa peke yangu, na nilipotoka nikamkuta ananisubiri getini na chupa ya chai ya tangawizi. Alikuwa amenifuata kwa mbali, nisije nikaanguka njiani. Huruma ndogo ndogo za namna hiyo ndizo zilizonirudisha, na hata hizo nilizipokea kwa kisirani.

Lakini lililokuwa likinila ndani lilikuwa moja. Baba. Tangu msiba sikuwa nimemwona, pumzi hazikuruhusu safari. Tulikuwa tunaongea kwa simu, mafupi, habari ya mvua na habari ya kifua. Alikuwa hajui. Alikuwa anaamini mke wake alimsikiliza daktari, daktari wa kweli, na kwamba ni mipango ya Mungu. Mimi peke yangu nilijua kwamba alimsikiliza bwana wa ng'ombe kwa sababu binti yake aliyameza maneno mawili. Nilijua lazima nimwambie, uso kwa uso, na kwamba nikishamwambia huenda sitakuwa tena na baba. Nilifanya mazoezi ya kauli ile kama nilivyofanya ya maputo. Niliipunguza mpaka ikatosha pumzi moja: Baba, alikuwa daktari wa mifugo, na mimi nilijua.

Mpunga ulipovunwa, Festo alinipeleka Ubaruku. Ilikuwa asubuhi, vumbi la pumba limetanda juu ya mashine za kukoboa, barabara yote ina harufu ya mchele mpya. Nilikuwa nimesahau kwamba napenda harufu ile. Baba alikuwa uwanjani anaanika mpunga kwenye turubai, anaugeuza kwa miguu. Amekonda. Redio ya Mama ameivaa shingoni, kwa kamba ile ile ya katani.

"Kamwene, Baba," nikasema.

"Kamwene, mama." Tangu mdogo ananiita hivyo, nimerithi jina la mama yake. Akanitazama juu mpaka chini. "Umebaki mifupa. Kaa hapo kwenye kivuli cha ukuta."

Tulikwenda kaburini kwanza. Udongo ulikuwa umeshuka na nyasi zimeota. Nilikaa chini kwa sababu ya miguu na Baba akadhani ni kwa sababu ya heshima. Festo alirudi nyumbani akatuacha wawili. Nikaona kwamba nisipolitoa pale sitalitoa popote.

"Baba, alikuwa daktari wa mifugo," nikasema. Nikavuta. "Na mimi nilijua."

Hakushtuka, alichuma unyasi kaburini, akauangalia, akautupa.

"Huyo?" akasema. "Huyo si tunamjua, mama. Amechanja ng'ombe za watu hapa kwenye josho miaka yote. Akianza tu kusema kwenye redio mama yako kacheka, kasema, sikiliza, bwana mifugo wetu amekuwa mkubwa."

"Alijua?"

"Alijua. Nilimuuliza mimi mwenyewe. Nikamwambia, mama Sekela, huyu ni wa ng'ombe, habari za watu atazijuaje? Kasema, huyo simsikilizi." Akaishika ile redio kifuani. "Kasema, Sekela yuko mjini, madaktari wote anawajua, na ametoa kwa mdomo wake kwamba na yeye anasubiri. Mtoto hawezi kucheka hivyo kama kuna hatari. Basi na sisi tusubiri na Sekela."

Miezi mitano nilibeba jiwe, na jiwe lenyewe halikuwa hilo. Nilijiandaa kuombea msamaha maneno mawili ambayo sikuyasema. Kumbe kilichomsimamisha mama yangu kwenye tuta na homa yake hakikuwa daktari wa mtu yeyote. Kilikuwa kicheko changu. Nililia pale, kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na pumzi zilitosha. Baba hakuniambia ninyamaze. Hakuniambia pia kwamba si kosa langu, na mpaka leo hajaniambia. Naandika hilo wazi kwa sababu najua unayesoma unasubiri aniambie.

Nilipotulia akauliza, "Wewe umechoma chanjo?"

"Nimechoma, Baba. Mwezi wa tatu."

"Mimi bado. Tulisema mpaka tuvune." Akageuka kuangalia mashamba, mabua matupu yamekatwa mpaka kwenye mfereji. "Tumevuna sasa. Twende."

Zahanati haikuwa mbali, lakini nilisimama mara tatu njiani, na kila nilipopumzika Baba alisimama akijifanya anaangalia mpunga wa watu ulioanikwa. Kwenye benchi la nje walikuwepo kina mama wawili wa kikundi cha Mama. Walinipa pole ya msiba, wakanipisha nikae. Nilijua nao walisubiri. Sikuthubutu kuuliza ni nani mwingine ambaye sasa hayupo.

Nesi alikuwa binti mdogo, mpole, wa kutoka kwingine. Akamwandika Baba kwenye daftari, akamwambia akunje mkono wa shati.

"Babu, mwaka jana nilikufuata mpaka nyumbani ukakataa," akasema. "Leo nani amekushauri?"

"Binti yangu amesema," Baba akajibu.

Sikuwa nimesema neno. Nesi akaniangalia, akaangalia redio iliyoning'inia shingoni mwa mzee, kisha akaniangalia tena.

"Yule wa redioni? Aliyesema tusubiri?"

"Huyo huyo," akasema Baba, akamalizia kukunja shati.